Pete Tisa za Papa

Jumapili moja, saa tisa za alasiri, wanawake kumi na mmoja wa likelemba walikuwa wamejaa sebuleni kwangu hapa Hewa Bora wakihesabu michango, simu yangu ikalia. Nilikuwa nimeiacha kwenye chaji juu ya kabati la vyombo. Mama watoto mikono yake ilikuwa imejaa unga, akabonyeza kwa kiwiko. Kiwiko hakina macho. Kikapokea simu, kikafungua na kipaza sauti.

"Allo! Ambia papa pete yake imefika!" Alikuwa dereva wa lori, akishindana na injini yake. "Iko tisa! Ile mukubwa njo ya mbele, ile kadogo njo ya ku kichwa! Lakini iko matatizo, ku duane banasema ni mabiju!"

Sijawahi kusikia likelemba ikinyamaza. Siku hiyo ilinyamaza. Mshika fedha wao, mama anayeweza kuhesabu noti huku anasimulia msiba, alibaki ameinua noti ya faranga 20.000 hewani kama mtu aliyesahau ni ya nani.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nimelaza ufito juu ya meza, nauviringisha polepole kutafuta uti wake wa mgongo. Nikasikia naitwa. Sikuitwa papa. Niliitwa kwa jina la ubatizo, lote, na la ukoo juu yake.

"Pete tisa," mama watoto akasema. "Mimi uliniletea moja, na hiyo moja ulisema duka lilikuwa linafunga."

"Ni za fimbo," nikajibu.

Nilisema kweli tupu. Pale kona ya makochi mama mmoja akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanamcheza, sauti ikapenya: "Fimbo nayo inaoaka?"

Saa kumi na moja wazee walikuwa wamefika. Mjomba wake mama watoto, mstaafu wa reli, alikalia kiti changu bila kuuliza. Shemeji alileta chupa mbili za Simba, kwa sababu baraza la ukoo bila bia ni mahakama, na hatukutaka ifike huko. Nikaambiwa nieleze. Kosa lao lilikuwa hilo: mtu anayejitengenezea fimbo za kuvulia samaki huwa anasubiri miaka mingi mtu amwambie "eleza".

Nikaenda kuuleta ufito. Una futi saba, mweusi, mwembamba kuliko kalamu kwenye ncha. Nikausimamisha katikati ya sebule, nikaanza.

Mshipi, wazee wangu, hautoki kwenye mulineti umenyooka. Mulineti ndiyo ile mashine ya kukunjia. Ukirusha, mshipi unaruka kutoka kwenye kibiringo chake kwa mizunguko mipana, kama kamba anayoizungusha mtoto kabla ya kuiachia. Ukiupeleka mzunguko huo moja kwa moja kwenye tundu dogo, unajigonga, unapoteza mwendo, na chambo kinaanguka hatua kumi mbele ya viatu vyako. Kwa hiyo pete ya kwanza lazima iwe pana, milimita 25, ikae mbali na mkono. Ya pili 16. Ya tatu 10. Zinapungua hivyo hivyo mpaka fujo yote ya nyuma imekuwa uzi mmoja mtulivu unaopita katikati. Ni faneli, isipokuwa faneli hii imeachwa hewa tupu na kubakishwa maduara machache ya kukumbusha njia.

Na kwa nini tisa? Samaki akivuta, ufito unapinda. Mshipi nao unapaswa kufuata mpindo ule. Ukiweka pete chache, mshipi unakata njia ya mkato kati ya pete na pete, uzito wote unaangukia sehemu mbili tatu, na ufito unavunjika pale pale. Mafundi wana hesabu yao: pete moja kwa kila futi, ongeza moja, kisha ile ya ncha. Futi saba: nane na ya ncha. Jumla?

"Tisa," mjomba akasema, kwa shingo upande.

Nikaona mlango umefunguka, nikaingia na miguu yote miwili. Nikawaambia kwamba kila pete ina chuma nje na duara jeusi ndani, na duara hilo ni silikoni kabaidi, kitu kigumu kinachoikaribia almasi. Mtu atauliza, ugumu wa nini kwa uzi? Mshipi wa kisasa umesukwa, na ukishalowa maji ya Luapula unabeba mchanga. Mshipi wenye mchanga ni msumeno. Ninalijua hili kwa sababu pete zangu za kwanza zilikuwa za waya wa shaba uliotoka kwenye mota iliyoungua, zikachomelewa na fundi mmoja wa Kenya, nikimaanisha Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi. Zilimeta. Niliona fahari: mtu wa mji wa shaba, pete za shaba! Baada ya safari mbili mshipi ulikuwa umechimba mfereji ndani ya kila pete, na kingo za mfereji zikaanza kuukata mshipi. Yaani shaba ya Katanga, ambayo dunia nzima inaipigania, haiwezi kustahimili uzi.

Hapo ningenyamaza. Shemeji alikuwa ameshaanza kuniamini. Lakini ufito ulikuwa mkononi, na uti wa mgongo nilikuwa sijaueleza.

Ufito kama huu hautokani na mti. Kitambaa cha nyuzi za kaboni hukatwa pembe ndefu, kikazungushwa kwenye chuma chembamba kinachochongoka, kikakazwa kwa utepe na kuokwa tanuruni, halafu chuma kinachomolewa. Linabaki bomba. Nyuzi zenyewe ziliivishwa na wanasayansi wa ndege wa Farnborough, Uingereza, miaka ya 1960, na mwaka 1973 kampuni ya Fenwick ya Marekani ikaanza kuziuza kwa wavuvi. Kabla ya hapo fibaglasi ndiyo iliyotamba, tangu Shakespeare alipotoa fito zake mwaka 1947. (Shakespeare huyu ni kampuni ya vifaa vya kuvulia ya Kalamazoo, si yule aliyetafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Yule wa Mabepari wa Venisi nitamhitaji baadaye kidogo, tukifika kwenye ushuru.) Sasa, kitambaa kikizungushwa, mahali fulani lazima mwisho wake upande juu ya mwanzo. Pale ukuta ni mnene zaidi, na upande huo ni mkaidi. Huwezi kuuona kwa macho. Unaegemeza ncha mezani, unakandamiza katikati kwa kiganja, unaviringisha, na ghafla ufito unaruka chini ya mkono wako kama kitu chenye uhai na kukaa pale unapopenda wenyewe. Huo ndio uti. Ukifunga pete bila kuuheshimu, siku ya samaki mzito fimbo inataka kujigeuza mkononi. Kuna mafundi wanaosema huo ni ushirikina na kwamba cha maana ni unyoofu tu. Waseme. Mimi nimeusikia ukiruka.

Nikamwekea mjomba mkono wake juu ya ufito auviringishe mwenyewe. Ukaruka. Akatoa mkono kama aliyeguswa na mjusi, akaurudisha, akaviringisha tena. Mara tatu. Nikaona macho ya mzee wa reli aliyewahi kupenda chuma.

"Na samaki?" akauliza.

"Bado, mjomba."

Baraza likaamua kwamba sina mwanamke wa pembeni, kwa sababu hakuna mwanamke angevumilia maelezo yale. Mama watoto alitoa hoja moja tu, kwamba kwa bei ya pete hizo tungekula thomson hadi Krismasi. Kila mtu akaona ana haki, nami nikiwemo. Thomson anatoka baharini, anasafirishwa ameganda mpaka sokoni kwetu, na bado ni rahisi kuliko manda wa Luapula ambaye sijamvua.

Jumatatu nikaenda kukomboa pete. Ofisi siitaji, na wala usijaribu kukisia, maana utapatia.

Karatasi ya duka la Afrika Kusini ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliyenijazia fomu kwa Kifaransa aliandika neno alilolijua: anneaux. Pete. Vipande tisa. Akaongeza na chuma chake, titani, kwa nia njema kabisa, bila kujua kwamba ananizika. Bwana wa dirishani alisoma kwa sauti, akanitazama kiatu mpaka kichwa.

"Titani. Zinavaliwa na nani?"

"Na fimbo."

Nilikuwa sijajifunza kitu tangu jana yake.

Akafungua kipakiti. Pete zote tisa, nakuapia, zingeingia kwenye kiberiti na njiti zingebaki humo. Akachukua ile ya ncha, ndogo kuliko zote, akajaribu kuivaa kidole cha mwisho. Haikuingia hata kwenye kucha. Akaigeuza, akaona kale kabomba kanakochomekwa kwenye ncha ya ufito, uso ukamng'aa kama mtu aliyefumbua fumbo.

"Hii ni ya pua," akasema, akaandika.

Nikaanza kumweleza habari za mizunguko ya mshipi. Alinyanyua kiganja. Alikuwa na watu nyuma yangu, na kila mmoja alikuwa na neno lake lililotafsiriwa vibaya. Pete zilinigharimu dola 38. Ushuru wa vito, stempu, ada ya kufungua, ada ya kufunga tena kilichofunguliwa: dola 41. Shailoki angalau alitaka ratili moja ya nyama, tena akaisema mapema. Halafu pete ya ncha ikabaki kwao, kama sampuli. Ya kupimwa wapi? Lini? Bwana wa dirishani alikuwa amekwisha kumwita mtu mwingine.

Nilirudi kwa miguu, nikasimama barabarani kupisha malori. Ninaandika kwa kuchekesha, lakini pale sikucheka. Malori yalipita moja baada ya jingine, yamebeba shaba kuelekea Kasumbalesa, barabara ile ile iliyoleta pete zangu, nami nikahesabu mpaka nikachoka. Mji huu umezaliwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na zaidi ya karne baadaye mtu akitaka duara la milimita tano la kuwekea uzi lazima aagize nje, alipe mara mbili, na aambiwe ni la pua. Mjomba alinikumbusha jioni ile kwamba baba yake aliwafanyia kazi wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga, enzi samaki wa Luapula ndio waliowalisha wachimbaji wa Elisabethville, kama mji huu ulivyoitwa zamani. Mpumbu walivuliwa wakipanda mto kutaga, wakivuliwa tu, mpaka karibu na 1950 wakaisha. Kwenye Tshangalele, ziwa lililotokana na bwawa la Mwadingusha, samaki wapo, ila watafiti wamewapima na kukuta kobalti mwilini mwao. Kobalti imetoka migodini, ikaingia majini, ikaingia ndani ya samaki, na haikusimamishwa dirishani na mtu yeyote. Haikujaza fomu. Haikuacha sampuli.

Basi. Nimefunga pete nane.

Mengine yalikuwa madogo. Uzi wa nailoni nilioufunga kwa siku mbili ulifumuka kwa sababu paka aliona mwisho wake kabla yangu. Kishikio cha mulineti kilikuwa kipana kuliko ufito, nikakijazia utepe wa mafundi rangi. Kizibo cha mkono nilikigandisha kichwa chini. Na gundi ya epoksi, ambayo lazima fimbo izungushwe polepole usiku kucha mpaka ikauke, niliikabidhi mota ndogo ya umeme. Umeme ulikatika saa nane za usiku, asubuhi gundi yote ilikuwa imening'inia upande mmoja kama nta ya mshumaa.

Hewa Bora, mtaa wenye jina ambalo vumbi la kiangazi halijawahi kulisoma, ilimalizia kazi: juu ya gundi kuna tabaka jekundu, laini, lililoganda milele. Shemeji anasema linapendeza.

Mjomba hupita sasa kila baada ya misa. Hasalimii sana. Anaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, anachukua ufito wa pili ambao haujafungwa, anauviringisha mezani mpaka uruke, kisha anakuja kula bukari.

Fimbo iko kona ya chumba, imesimama, haina kazi bila pete ya ncha. Kwa hiyo, msomaji, kama unatoka Ndola au Kitwe wiki hizi na mfuko wako una nafasi ya kitu kidogo kuliko punje ya harage, ninatafuta pete ya ncha, kabomba kake milimita 2 kwa ndani, duara jeusi. Nitakurudishia fedha yako na bia juu. Karatasini andika jina lolote upendalo, ila tafadhali usiandike pete.