Barua ya Wazi kwa Wahariri Wakuu

Kwa Waheshimiwa Wahariri Wakuu wa magazeti ya kila siku, Tanzania.

YAH: PONGEZI KWA KUTOEGEMEA UPANDE USIOLIPA

Wasomaji wanaleta pongezi zao za dhati kwa Wahariri kwa kazi nzito ya kuwafikiria, kwani maana ya kila tukio huandaliwa usiku, hupambwa kwa wino mwekundu na kupandishwa ukurasa wa mbele kabla tukio lenyewe halijaelezwa. Maadili ya taaluma hudai kwamba habari, yaani taarifa ya jambo lililotokea na linaloweza kuthibitishwa, itenganishwe na maoni, ambayo makao yake ni tahariri na safu za waandishi. Wahariri, kwa ukarimu wao, wameona si haki kuyafungia maoni katika kurasa za ndani.

Ukarimu huo hudhihirika zaidi msimu wa kampeni, ambapo mkutano mmoja wa hadhara, uliofanyika jioni moja katika uwanja mmoja, huamkia kwenye meza ya muuza magazeti ukiwa mikutano miwili. Katika gazeti moja mgombea “afunika”, na picha imepigwa kutoka jukwaani wakati wa shangwe. Katika gazeti la pili “adoda”, na picha ni ya viti vitupu iliyopigwa kabla mgeni rasmi hajafika, na picha zote mbili ni za kweli. Mgombea anayependwa husisitiza na kufafanua, ilhali asiyependwa hudai, hulalama au hung’aka, hata kama alizungumza kwa sauti ya chini. Jambo likikosa ushahidi huongezewa alama ya kuuliza, ambayo katika kichwa cha habari haiulizi chochote bali humkinga mhariri na kesi ya kashfa. Na akikosekana mtu wa kunukuliwa huitwa “chanzo cha kuaminika”, ambaye kwa miaka mingi amehudhuria vikao vya siri vya vyama vyote bila kuzeeka.

Haidaiwi hapa kwamba gazeti lisiwe na upande. Msomaji wa Uhuru anajua kwamba gazeti hilo ni la CCM, wa HabariLeo anajua kwamba ni la Serikali, na wa Tanzania Daima alijua uhusiano wa gazeti hilo na familia ya Freeman Mbowe wa CHADEMA, hivyo kila mmoja alinunua huku akijua anachokinunua. Tatizo huanza pale gazeti linapojitangaza kuwa huru huku likiuza maoni kwa bei ya habari.

Hata upande unaojulikana una hatari zake, kama ilivyoonekana Agosti 2021, Uhuru lilipoandika kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hakuwa na wazo la kuwania urais mwaka 2025. Chama chenyewe kilisimamisha uchapishaji kwa siku 7, na Serikali ikasitisha leseni kwa siku 14. Wasomaji walijifunza kwamba kosa la kumlisha mtu maneno linaweza kushughulikiwa kwa siku moja, mradi mtu huyo awe mwenye nyumba. Mpinzani anayelishwa maneno husubiri masahihisho hadi kura zihesabiwe, na masahihisho yakitoka huwekwa chini ya matangazo ya vifo.

Wahariri wana utetezi wao, nao si mwepesi. Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 gazeti haliwezi kuchapishwa bila leseni, Tanzania Daima lilikaa bila leseni tangu Juni 2020 hadi Februari 2022, na matangazo ya Serikali na taasisi zake ni sehemu kubwa ya mapato. Woga wa namna hiyo unaeleweka; kisichoeleweka ni kuuita uzalendo, au kuufidia kwa kumrarua asiye na leseni ya kutoa wala tangazo la kulipia.

Kwa hiyo Wahariri wanaombwa, kwa unyenyekevu, kuandika chini ya kila picha ya mkutano saa iliyopigwa, kumpumzisha chanzo cha kuaminika ambaye umri wa kustaafu umempita, na kuchapisha karibu na bei ya gazeti orodha ya watangazaji wakubwa wa mwezi, ili mnunuzi ajue amechangia kiasi gani katika maoni ambayo tayari yamekwisha kulipiwa na mwingine.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wasomaji