Kauli Tisa Zinazotangulia Ambulensi

Kila saiti, karakana na kiwanda kina misemo yake, na ipo tisa ambayo nikiisikia natafuta kwanza mlango wa kutokea. Tuihesabu kwa kurudi nyuma, kuanzia ya tisa. Ila tukubaliane mapema: wanaoisema si wapumbavu. Wengi ni mafundi hodari, wana haraka, wamechoka, na nyumbani wanasubiriwa. Nataka wafike.

9. "Mimi nimezoea, bwana"

Hongera kwa uzoefu, fundi. Tatizo ni kwamba diski la grenda halikufahamu. Grenda ndogo ya mkono huzunguka mara elfu kumi na zaidi kwa dakika, na haina habari ya miaka yako kazini. James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyeandika kitabu cha Human Error mwaka 1990, alitenganisha makosa ya binadamu kwa aina, na mojawapo ni kuteleza: unajua la kufanya, nia yako ni njema, mkono unafanya lingine. Hilo ni kosa la mzoefu hasa. Mgeni anafikiria kila hatua. Mzoefu mikono yake inakwenda yenyewe huku akili iko kwenye ada ya shule. Kwa hiyo ile gadi uliyoifungua kwa kuwa inakusumbua, irudishe. Iliwekwa kwa ajili yako, siku ambayo ada haijapatikana.

8. "Dakika moja tu"

Napanda, nakaza nati, nashuka. Mkanda wa nini? Ukianguka kutoka mita kumi unafika chini kwa sekunde moja na nusu hivi. Umeomba dakika nzima, na ardhi haihitaji hata robo yake. Funga mkanda.

7. "Vaa helmeti, yameisha"

Hii ni ya mabosi. Getini kuna bango kubwa, vibarua wote wana helmeti na reflekta, wageni wanapigwa picha, na kule ghorofa ya nne matofali yamepangwa ukingoni bila hata ubao wa kuyazuia. Bosi wangu, helmeti ni beki wa mwisho, na timu iliyobaki na beki mmoja itafungwa tu. Watu wa usalama kazini hupanga kinga kwa ngazi tano. Kwanza, ondoa hatari yenyewe. Ikishindikana, tumia kitu kingine kisicho na hatari hiyo. Kisha watenge watu na hatari kwa kizuizi au kifuniko. Kisha panga taratibu, mafunzo na zamu. Mwisho kabisa ndipo umvalishe mtu. Wengi tunaanzia mwisho kwa sababu helmeti inauzwa dukani na mpangilio wa kazi hauuzwi. Matofali yashuke kwanza, picha zipigwe baadaye.

6. "Si hakuna aliyeumia? Twende kazi!"

Spana imedondoka kutoka juu, imetua hatua mbili tu kutoka kwa mama ntilie. Watu wanacheka, wanamwambia ana bahati, ubwabwa unaendelea kupakuliwa. Jamani, spana hiyo imetoa taarifa bure! Tangu 1976 shirika la NASA la Marekani linapokea kwa siri taarifa za marubani kuhusu mambo yaliyonusurika kuwa ajali. Jina la aliyetoa taarifa linaondolewa, funzo linasambazwa kwa wengine. Kwenu daftari la spana liko wapi? Kama halipo, mama ntilie ahamishiwe mbali leo hii, na kila chombo cha juu kifungwe kamba.

5. "Siyo hicho! Kile kingine!"

Ukisikia kelele hii karibu na mashine, mtazame aliyeitengeneza kabla ya kumtazama aliyebonyeza.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa na jambo la kushangaza. Mtu anatua salama salimini, halafu ndege ikiwa bado kwenye njia yake, anakunja magurudumu. Ndege inalala kwa tumbo. Ripoti zikaandika: kosa la rubani. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, akaenda kutazama alichokuwa anakishika huyo rubani. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya mabapa ya mabawa ziko jirani na zinafanana kabisa. Dawa yake ilikuwa rahisi: swichi ya magurudumu ivishwe kigurudumu kidogo cha mpira, na ya mabapa ivishwe umbo la kabari, mkono utambue hata macho yakiwa kwingine. Hakuhitaji rubani mwenye akili zaidi.

Sasa twende gereji. Maji ya betri yamo kwenye chupa ya maji ya kunywa, lebo bado imebandikwa, na chupa imewekwa dirishani kando ya chupa ya kunywa yenyewe. Mtu mwenye kiu saa nane mchana hasomi, anapapasa. Na wapo wanaobeba dawa ya kupulizia mimea kwenye chupa ya soda hadi nyumbani kwenye watoto. Katika orodha hii yote, hakuna kinachoniudhi kama hiki, maana dawa yake ni dumu la rangi tofauti lenye mfuniko mgumu na kabati lenye kufuli. Utasema watu wawe makini. Watakuwa makini, hadi siku ya joto kali.

4. "Zege halilali"

Kweli, zege halilali. Wewe unalala.

Watafiti walishalipima jambo hili: mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 mfululizo anafanya kazi kwa kiwango cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi mwenye nacho haruhusiwi kushika usukani. Hakuna fomeni atakayempa mlevi winchi. Lakini aliyeamka saa kumi alfajiri, akabadilisha daladala tatu, na sasa ni saa nne usiku, huyo anaambiwa yeye ni chuma! Mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island uliharibika mwaka 1979 saa kumi alfajiri. Gesi ya sumu ya Bhopal ilivuja usiku, mwaka 1984. Mtambo wa Chernobyl, nao wa nyuklia, ulilipuka mwaka 1986, saa saba usiku na dakika zake. Kila tukio lina sababu nyingi, na siutwishi usingizi mzigo wote. Ila matatu yote yaliwakuta wafanyakazi katika saa ambazo mwili unadai kitanda. Kama zege ni la usiku kucha, weka vikosi viwili. Gharama ya kikosi cha pili iingie kwenye hesabu siku ya kuomba zabuni.

3. "Orodha ya nini? Yote yamo kichwani"

Kichwa chako nakiheshimu. Hata kichwa cha rubani wa majaribio aliyeirusha ndege mpya ya Boeing pale Wright Field, Ohio, tarehe 30 Oktoba 1935, kilikuwa kikubwa. Kifaa kinachofunga usukani wa ndege ikiwa imeegeshwa hakikufunguliwa. Ndege ikapanda, ikaanguka. Jibu la wanajeshi wa anga likawa karatasi fupi ya kukagua kabla ya kuruka.

Kisha njoo Ifakara, mkoani Morogoro. Hospitali ya pale ilikuwa moja kati ya nane duniani, pamoja na za London, Toronto na Seattle, zilizoijaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji. Vipengele 19 tu: huyu ni mgonjwa yuleyule? Tunapasua upande upi? Vitambaa na sindano vimehesabiwa? Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa hospitali zote nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi, jamani!

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha kila mtu chumbani kutaja jina lake na kazi yake kabla ya kuanza kupasua. Daktari bingwa anajitambulisha kwa nesi, nesi anajitambulisha kwa bingwa. Aliyekwisha kufungua kinywa mara moja, mara ya pili si kazi ngumu. Shika hilo, linatupeleka kwenye namba inayofuata.

2. "Bosi anajua"

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, Tenerife. Ukungu mzito. Ndege ya KLM imeanza kukimbia ipae, na mbele yake, kwenye njia hiyohiyo, ipo ndege ya Pan Am. Mhandisi wa ndege ya KLM akauliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mmoja wa marubani wakubwa kabisa wa shirika, mkufunzi wa wenzake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Walikufa watu 583, na hadi leo haijatokea ajali ya ndege iliyozidi hiyo kwa vifo. Miaka iliyofuata mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha wadogo kusema na, somo gumu zaidi, wakubwa kusikiliza.

Nasi? Kijana saidia fundi, wiki yake ya kwanza, ameona mrunda ulioshikilia mbao za zege umeteleza. Anamtazama fundi mkuu, mtu wa umri wa baba yake. Kijana amelelewa kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu, na malezi hayo ni mazuri, siyaombi yaondoke. Ndiyo maana wa kuanza ni mkubwa. Fomeni aseme asubuhi, wote wakisikia, kwamba leo hata yeye anaweza kupitiwa, na atakayeona jambo amwambie. Kijana apewe maneno yenye adabu ya kutumia: "Samahani fundi, naomba tusimame kwanza." Na jibu liwe moja kila siku: "Asante, umeona nini?" Hata kama alichokiona ni kivuli. Akikemewa mara moja kwa kusimamisha kazi bure, hatasema tena, na kumi waliosikia akikemewa nao hawatasema.

1. "Ajali haina kinga", na pacha wake, "Ni uzembe wake"

Hizi ndizo zinazoua wengi, kwa sababu husemwa baada ya ajali, pale ambapo ajali ya pili ingezuilika. Ya kwanza inamwachia Mungu, ya pili inamtupia aliyeumia, na zote mbili zinaiacha ngazi mbovu palepale ilipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya 2003, na ile ya Kenya ya 2007, zinamtwika mwajiri wajibu wa kulinda watu wake. Wajibu huo hauishi kwa kuandika "uzembe" kwenye fomu.

Mnamo 6 Machi 1987 kivuko Herald of Free Enterprise kiliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ya kupakilia magari ikiwa wazi. Maji yakaingia, kikapinduka, wakafa watu 193. Baharia aliyetakiwa kuifunga alikuwa amelala chumbani kwake. Uzembe wake? Uchunguzi ulikwenda mbali zaidi. Kutoka alipokaa, nahodha hakuweza kuiona milango. Meli nyingine ya kampuni hiyo ilikuwa imeshawahi kuondoka hivyohivyo, baharia akiwa amelala. Na manahodha walikuwa wameomba wafungiwe taa ndogo ya kuwaonyesha kama milango imefungwa. Ofisi ilikataa, tena kwa kejeli. Baada ya maafa, kanuni za kimataifa za meli zikaifanya taa ya namna hiyo kuwa sharti.

Meneja unayesoma hapa, ombi la taa yako limekwisha kuletwa. Linaweza kuwa barua kwenye faili, ujumbe wa simu wa fundi umeme ambao hukuujibu, au neno alilokuambia mfagiaji kuhusu ile ngazi ya nyuma. Litafute leo, kabla zamu ya jioni haijaingia.