Dau la Saa Nane za Usiku

Noti ya dola mia haipokelewi Kasongo kwa sababu tu anayeitoa ni mtu wa heshima. Mwuza nguo ataishika kwa vidole viwili, ataigeuza, atainyanyua juani, kisha atapitisha ukucha pembeni kutafuta mpasuko. Ikiwa na tundu la kupita sindano, inarudi. Ikiwa imeandikwa kalamu, inarudi. Ikiwa ni ile ya zamani yenye kichwa kidogo cha Benjamin Franklin, hata mjadala haufunguliwi. Hali ndiyo hiyo Kongo nzima, toka Matadi hadi Bukavu: noti ambayo benki ya Marekani ingeipokea bila neno, huku inatazamwa kama mgonjwa wa kuambukiza.

Sasa mchukue mtu huyu huyu, mpe simu yenye mega, mfungulie mnada wa mtandaoni, mwonyeshe picha ya cherehani iliyopigwa gizani na saa inayohesabu kurudi nyuma. Lile jicho lililoona tundu la sindano linapofuka.

Tuseme ni mwalimu wa sekondari. Jina lake halina kazi, maana si mtu mmoja. Ni watu wengi waliovaa shati moja. Anamtafutia mkewe cherehani ya umeme. Mpwa wake yuko Brussels na ana kadi ya benki, mwalimu ana mega za usiku, na cherehani iko Ohio, kwenye eBay, bei ya kuanzia dola 5. Mnada unafungwa saa mbili usiku kwa saa za Ohio, yaani saa nane za usiku Kasongo, wakati ambao hata mbwa wamechoka kubweka.

“Mjomba, usipite arobaini,” mpwa anaandika.

“Arobaini za nini? Kitu kiko dola tano!”

Ilipofika dakika ya mwisho kilikuwa dola 52, na mwalimu alikuwa ameshasahau cherehani. Alikuwa na vita. Adui yake alikuwa mtu mwenye herufi mbili na nyota tatu katikati, kwa kuwa eBay huficha hivyo majina ya wanaoshindana. Mwalimu hakujua kama ni mwanamume au mwanamke, mzima au mgonjwa, lakini alimchukia kwa moyo wote. Akaandika 53. Nyota tatu zikajibu. Akaandika 60. Zikajibu papo hapo, bila kufikiri, na hapo ndipo mwalimu alipoona kwamba anadharauliwa. Alishinda kwa dola 78, akaruka kitandani, mkewe akashtuka akidhani ni wezi.

Zile nyota tatu hazikumdharau. Uwezekano mkubwa ni kwamba mwenyewe alikuwa amelala. Kwenye eBay mtu huandika kiwango cha juu kabisa anachokubali kulipa, mtambo unakiweka siri, kisha unampandishia dau kidogo kidogo, kwa kadiri tu ya kumpita anayemfuata. Ukiandika 40 na mwenzako akaishia 22, utalipa kama 23, si 40. Kwa hiyo mwalimu alipigana usiku kucha na kikokotoo, na kila alipoongeza dola moja alikuwa anapiga hodi kutafuta mahali ambapo dari ya mwenzake ilikuwa.

Kanuni hiyo ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1893, mwaka ambao Kasongo iliangukia mikononi mwa majeshi ya Dhanis, ofisa wa Kibelgiji, wauza stempu wa Northampton, huko Massachusetts, walikuwa tayari wakipokea madau kwa barua na kumtoza mshindi bei inayotokana na dau la pili. Mwaka 1961 mwanauchumi William Vickrey alionyesha kwa hesabu kwamba katika mnada wa namna hiyo hakuna ujanja unaozidi kusema ukweli: andika mara moja thamani ya kitu kwako, halafu nenda kalale. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996, akafariki siku chache baada ya kutangazwa. Ushauri wake haujawahi kufuatwa na mtu aliye macho saa nane za usiku.

Wako wanaosema dawa ni kuvizia, yaani unanyamaza mpaka sekunde za mwisho, kisha unashuka kama mwewe. Wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichunguza jambo hilo wakaona kweli watu wa eBay wanapenda kuvizia, kwa kuwa saa yake haisogezwi. Kwenye minada ya Amazon ya wakati ule, ambayo muda uliongezwa kila dau jipya likija dakika za mwisho, uviziaji ulikuwa mdogo. Mbinu nzuri, kwa mtu wa Chicago. Kasongo, sekunde ya mwisho ndiyo sekunde ambayo jenereta ya mnara wa simu huamua kupumzika.

Hata ukishinda, kushinda kwenyewe kuna kasoro. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta waliandika kuhusu vitalu vya Ghuba ya Meksiko: makampuni kumi yanakisia mafuta yaliyomo, na kitalu kinachukuliwa na lile lililokisia juu kuliko yote, ambalo kwa kawaida ndilo lililokosea kuliko yote. Kama makampuni yenye wanajiolojia yanaumia hivyo, mwalimu mwenye betri ya asilimia tisa atapona vipi?

Tusimlaumu mwenye jukwaa. Pierre Omidyar, mzaliwa wa Paris mwenye wazazi Wairani, alianzisha mnada wake California mnamo Septemba 1995, na kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyovunjika. Ilikwenda kwa dola 14.83. Omidyar mwenyewe alishangaa, akamwandikia mnunuzi kumwuliza kama ameelewa kwamba imevunjika. Akajibiwa kwamba yeye hukusanya kalamu za leza zilizovunjika. Huyo hakudanganywa: aliyasoma maelezo mpaka mwisho, akataka kilichoandikwa, akapewa.

Kijana mmoja wa Nottingham, Uingereza, hakuwa na subira hiyo. Desemba 2013 alilipa pauni 450 akiamini ananunua mtambo wa michezo wa Xbox One. Kwenye tangazo, katikati ya maneno mengine, kulikuwa na neno “picha”. Akaletewa picha.

Mengine hayamo kwenye maelezo hata ukiyasoma kwa miwani. Mei 2000, wakili wa Sacramento aitwaye Kenneth Walton aliweka eBay mchoro mkubwa wa rangi alioupata kwenye duka la vitu chakavu, bei ya kuanzia senti 25. Hakusema ni wa Richard Diebenkorn, mchoraji mashuhuri wa California. Alijifanya mjinga asiyejua alichonacho, akaacha tu herufi mbili na tarakimu za mwaka zionekane pembeni, ambazo alizichora mwenyewe. Dau lilifika dola 135,805. Baadaye ikagundulika kwamba yeye na wenzake walikuwa wakipandishiana madau kwa majina ya bandia, na mambo yakaishia mahakamani. Mwuzaji anayejifanya mjinga ndiye wa kuogopwa, na hilo wanawake wa soko la Nyangwe walilijua zamani. Livingstone aliyekaa pale ukingoni mwa Lualaba mwaka 1871, kabla ya yale mauaji ya sokoni ya Julai, alistaajabia jinsi walivyofurahia kubishania bei kuliko hata kuuza. Lakini wao walikuwa na kitu mkononi: kuku wanampapasa kifua, samaki wanamnusa, chungu wanakigonga wasikie kama kinalia.

Maniema yenyewe, mkoa wa Kasongo, imekuwa mezani mwa wapiga mnada kwa miaka mingi, na huko mambo ni ya kuchekesha mpaka yanapoacha kuchekesha. Tafuta vinyago vya Walega, au sanamu za mababu za Wabuyu wa upande wa Kabambare, utaona kila kimoja “kimetoka katika mkusanyo wa familia ya Kibelgiji”. Ukivihesabu, utadhani kila ofisa wa kikoloni alirudi Antwerpen na behewa zima la treni. Vingi ni vya juzi. Vilipakwa rangi ya viatu, vikafukiwa ardhini ili mchwa wavile kidogo na kuvipa uzee. Vya pembe za ndovu usivitafute eBay: ilipiga marufuku tangu Januari 2009.

Na Desemba 2022 nyumba moja ya mnada ya Brussels iliweka kwenye katalogi yake mafuvu matatu ya watu wa Kongo, yakikisiwa yuro 750 hadi 1,000. Moja lilielezwa kuwa la Mwinyi Mohara, mkubwa wa Nyangwe, aliyeuawa vitani Januari 1893. Watu walipiga kelele, mafuvu yakaondolewa, nyumba ikaomba radhi. Kwa hiyo mtu wa Kasongo anapoambiwa kwamba mnada ni mchezo wa kujifurahisha, ana haki ya kukunja uso kidogo kabla ya kufungua simu yake.

Turudi kwa cherehani. Fomu ilitaka nambari ya nyumba, jina la mtaa na msimbo wa posta. Mwalimu alijaza “karibu na kanisa kuu”, mtambo ukakataa. Akajaza sufuri tano, ukakubali kwa furaha, lakini mwuzaji wa Ohio hapeleki mizigo Kongo. Ikabidi iende kwa mpwa.

Usafiri wa Ohio hadi Brussels: dola 64. Forodha ya Ubelgiji ikadai kodi yake ya asilimia 21, si juu ya cherehani peke yake bali na nauli pia: kama dola 30. Kisha mizigo ya ndege kuja Kongo hulipiwa kwa kilo, na hapo ndipo ilipofahamika kwamba cherehani za zamani zilitengenezwa kwa chuma halisi. Kilo kumi na mbili. Mwalimu aliyekuwa ameusifu uzito huo kwenye picha akaanza kuulaani. Hiyo ni 144 nyingine kwa dola 12 ya kilo, mpaka Kindu tu, na kutoka Kindu kuna zaidi ya kilomita 200 za barabara ambayo wakati wa mvua pikipiki hubebwa na abiria badala ya kuwabeba. Dola 30 kwa mwenye pikipiki. Njia nyingine ni kuingojea treni ya kutoka Lubumbashi ishushe mzigo Samba, lakini kuja kwake huombewa dua. Jumla: dola 346. Sokoni, Butterfly mpya ya kanyagio, ile ya Kichina, ingepatikana kwa chini ya hapo, na chenji ingenunua pagne mbili na chakula cha mchana.

Kwenye tangazo palikuwa na ahadi iliyomtuliza mwalimu kuliko zote: asiyeridhika arudishe ndani ya siku 30. Siku ya thelathini cherehani ilikuwa bado Kinshasa, kwenye stoo, chini ya friji ya mtu.

“Mjomba, muda wa kurudisha umekwisha leo,” mpwa aliandika.

“Nirudishe nini? Sijaiona!”

Ilipofika, nusu ya mtaa ilikuja kuitazama. Mkewe aliifuta vumbi, akaipapasa, akaisifu. Ilikuwa nzuri kweli. Mwalimu akawasha jenereta ya jirani na kuchomeka waya. Mashine ilishona kwa mbio ambazo hakuna fundi wa Maniema aliyewahi kuziona, ikapiga mluzi, ikatoa moshi, ikanyamaza. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120. Wa jenereta ile, kama wa Kongo yote, ni 220. Kibao kidogo nyuma ya mota kilisema hivyo wazi kabisa, na kilionekana hata kwenye picha ya nne ya tangazo, kwa mtu ambaye angeitazama kama anavyotazama noti.

“Baba watoto,” mkewe alisema, “mota ndiyo iliyokufa. Mashine haijafa.”

Alikuwa na haki. Fundi wa sokoni aliikagua kwa dakika tano, akaing'oa mota, akaifunga mashine juu ya meza ya kanyagio aliyokuwa nayo, akavuta mkanda wa ngozi, na ikaanza kushona polepole kama mtu mzima. Mama sasa anashona sare za shule na hataki kusikia habari za Ohio.

Mota ilibaki. Mwalimu aliipiga picha, jioni, mwanga ukiwa hafifu, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara: mota ya Kimarekani, imetumika kidogo, haijajaribiwa karibuni, bei ya kuanzia dola 5, mnada utafungwa usiku. Hazikupita dakika mbili, mama mmoja wa Kabambare akajibu:

“Mwalimu, hiyo ni ya volti ngapi?”