Kuku Waliozuia Hilux

Kijana mmoja wa Mombasa anayeishi Houston, Texas, amenunua Ford F-150 ya milango minne, na picha zake zimeshazunguka simu za ukoo mzima. Gari lina urefu wa karibu mita 5.9. Mamake alipoiona picha aliuliza linabeba abiria wangapi na steji yake iko wapi.

Siku aliyonunua godoro la tano kwa sita ndipo alipoona kituko. Sehemu ya mizigo ya pikapu hiyo haizidi mita 1.7, kwa sababu nafasi yote wamepewa abiria na viti vyao vya ngozi. Godoro likasafirishwa kwa kamba, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Injini ya nguvu za farasi 400, inayoweza kuvuta zaidi ya tani 5 ikifungiwa vifaa vyake, ilitoka siku hiyo kwa ajili ya sponji.

Jirani yake, mzee mstaafu, ana Volkswagen Beetle ya 1968. Farasi 53 tu. Injini iko nyuma, buti iko mbele, na rejeta haipo kabisa, maana injini inapozwa kwa upepo. Kilichomvunja mbavu kijana ni maji ya kuoshea kioo: yanasukumwa na upepo wa tairi la spea, kupitia mpira mwembamba. Ukiosha kioo sana, spea inapungua upepo, ingawa kuna vali ya kuizuia isinywee kabisa.

Kijana naye akatoa yake: Beetle ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya 1962, Tommy Fjastad akiwa kwenye usukani. Mzee hakuwa na habari. Sasa gari analiosha kwa heshima zaidi.

Nyumbani wakauliza mbona hakununua Hilux, kwani ina kasoro gani? Hilux haina kasoro. Wa kulaumiwa ni kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ulaya ilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani. Rais Lyndon Johnson akalipiza: kuanzia 1964, pikapu za kutoka nje zikatozwa asilimia 25. Walionaswa hasa ni Volkswagen na Kombi zao za mizigo. Beetle ikapona kwa kuwa ni gari la abiria. Ugomvi wa kuku ukasahaulika, ushuru ukabaki. Hilux haiuzwi Marekani, Toyota huwauzia Tacoma, na Ford wamejitanua: pikapu zao za F zinaongoza kwa mauzo tangu 1977. Kuku wa kienyeji angeeleweka. Lakini wale wa kisasa?

Kakake wa Likoni akashauri Beetle inunuliwe, iteremshwe Kilindini. Akaelezwa kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na usukani wa kushoto haukubaliwi, kwa hiyo hata F-150 haina njia. Jibu likarudi papo hapo:

"Basi uza hiyo pikapu, tutumie pesa ya Probox mbili. Moja yako, moja tutaitia kwenye miraa."