Kila Kitu Isipokuwa Chenji

Dukani kwa Mangi pana kila kitu isipokuwa chenji. Anaweza kukutumia laki tano ikafika Mwanza kabla hujamaliza kukohoa, lakini mpe noti ya elfu mbili kwa kitu cha elfu moja na mia nane uone. Anatazama bati, anapapasa droo, anahema, halafu anakusukumia pipi mbili kwenye tundu la dirisha. Kwangu zimejaa bakuli. Siku moja nilimrudishia kumi nikitaka kiberiti. Akazitazama, akanitazama. "Hizo si hela, bosi." Zilipotoka kwake zilikuwa hela.

Hapa ni Mbagala, upande wa Charambe. Mangi si jina alilopewa na wazazi wake. Machifu wa Wachagga waliitwa hivyo, serikali ikafuta utawala wa machifu wote mwaka 1963, ila taarifa haikufika madukani. Kila mtaa wa Temeke na Kinondoni una Mangi wake, hata pale mwenye duka anapokuwa Mkinga wa Makete. Wa kwetu ni Mrombo kweli, na anatawala nyuma ya nondo akiwa na singilendi, bila uchaguzi.

Tulipohamia mtaa huu duka lilikuwa duka: sukari, chumvi, sembe, sabuni ya mche, mafuta ya kupima. Lakini Vodacom walikuwa wameshaleta M-Pesa mwaka 2008, Tigo nao wakaja na ya kwao mwaka 2010, na mwaka 2013 Benki Kuu ikatoa mwongozo wa mawakala wa benki. Kila aliyekuja alikuja na rangi yake ya ukuta, na Mangi hakumkatalia mtu. Serikali ilipoweka tozo za miamala Julai 2021, mtaa mzima ulimvaa yeye, ikabidi aandike kwenye kipande cha boksi: TOZO SIO YANGU. Kile kiboksi hajakitoa mpaka leo. Anasema kinamsaidia kwenye mambo mengine.

Ikaja luku. Ikaja mitungi ya gesi, maana lengo la taifa ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mangi aliipanga mitungi mbele ili lengo lionekane, na mkaa wa makopo akauacha palepale nyuma yake. Baadaye vikaja vifaranga, sare za shule, kuchaji simu, na kijana wa kubadilisha vioo vya simu aliyepewa kona ya kibaraza. Dawa ya kikohozi inakaa rafu moja na dawa ya panya. Mkate unalala ubavuni mwa dumu la mafuta ya taa. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Tanga tulimwandalia chai na mkate huo, akatafuna taratibu, akameza, akasema kwa adabu zote za Kitanga, "Viungo vya huku sijavizoea, mwanangu."

Ukubwa wa biashara haunisumbui. Kinachonisumbua ni udogo wa dirisha. Mambo yote hayo yanapita kwenye tundu moja, mbele ya mtu mmoja mwenye mikono miwili na simu nne. Umeacha mafuta jikoni, umekimbilia kitunguu. Mbele yako kasimama mweka hazina wa kikoba, anaweka benki akiba ya wenzake, na kila fungu limefungwa kwenye pindo lake la kanga. Mangi anahesabu. Anakosea. Anaanza upya, kwa sauti. Anayefuata ni bodaboda anayetuma hela kwao, na mtandao unasumbua. Ukijaribu kusema "kitunguu kimoja tu jamani", foleni nzima inakugeukia utadhani umevuka mbele ya jeneza. Ukirudi nyumbani mafuta yameshakuwa lami, na mke wangu anataka kujua nilikuwa nakichimba wapi hicho kitunguu.

Luku nayo ina tabia ya kwisha usiku. Tokeni ina tarakimu 20, na Mangi anaziandika kwenye kipande cha pakiti ya sigara kwa mwandiko ambao moja na saba hazitofautiani. Basi mko gizani, mke kashika simu yenye chaji ya kuombea, wewe umeinua kidole kwenye mita. Moja, inakataa. Saba, inakataa. Unarudi dukani, dirisha limefungwa, lakini Mangi analala humohumo. Unagonga. "Mangi! Ya sita hii ni moja au saba?" Kimya. Kisha sauti nzito kutoka juu ya magunia ya mchele: "Jaribu tisa."

Na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa ndani ya luku hiyohiyo. Yaani mimi mpangaji nalipa kodi ya jengo lisilo langu, kupitia mtu aliyetoka kunipimia dagaa. Mwenye nyumba aliniahidi tutakatana kwenye pango. Bado tunakatana.

Hayo yote nayavumilia. Nisilolivumilia ni kwamba mdai wangu na benki yangu wamekuwa mtu mmoja. Deni la dukani lilikuwa na heshima yake zamani. Ulipita njia ya mbali, ukikutana naye ukajishika kiuno ukasema, "Mambo bado Mangi, tuvute mwisho wa mwezi," naye akakubali kwa sababu mfukoni mwako haoni. Leo mfuko wangu ni yeye. Nilikwenda kutoa laki moja na nusu ya ada ya mtoto. Akasoma ujumbe kwenye simu, akavuta droo, na kwa mkono wa pili akavuta daftari. Nikapewa laki na ishirini na tatu.

"Nyingine?"

"Nimekusaidia kulipa."

Nikaona isiwe tabu. Nikaanza kupanda daladala hadi Rangi Tatu kutolea hela kwa wakala nisiyemjua, ambaye naye hanijui, raha iliyoje. Haikuchukua muda Mangi akaishikilia sukari yangu mkononi kabla hajaniachia. "Naona siku hizi unatolea kule." Nikamuuliza kajuaje. Akaeleza, bila kinyongo, kwamba mawakala huishiwa keshi, na wakiishiwa huazimana. Jamaa wa Rangi Tatu huja kuchukua kwake. "Hizo noti ulizopewa Jumamosi," akasema, "zilikuwa zangu."

Utaniambia nihamie grosari. Ndugu yangu, grosari za huku zilishaihama hiyo kazi siku nyingi. Ukiona kibao cha grosari, ndani kuna bia, televisheni ya mpira, na nje mtu anakaanga kiti moto. Unga hakuna, labda wa kusongea ugali wa wanywaji. Mangi naye aliuza viroba mpaka serikali ilipovipiga marufuku kuanzia Machi 2017, na rafu ile ikakaliwa na pempasi wiki hiyohiyo.

Mjomba wangu husema tuache kulalamika; yeye aliiona Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipotakiwa kufungwa yapishe ya ushirika, na anakumbuka vizuri duka lililokuwa na muuzaji, mizani na picha ya Rais, basi. Operesheni haikudumu. Wakubwa nao wamejaribu njia ya Mangi. Nakumatt ya Kenya ilianza kwa kuuza magodoro Nakuru, ikapanda mpaka mkate, friji na baiskeli vikakaa chini ya paa moja. Ikaingia Tanzania kupitia Moshi, nyumbani kwa kina Mangi wenyewe, kisha mwaka 2014 ikachukua maduka ya Shoprite. Miaka michache baadaye rafu zilikuwa tupu na waliokuwa wakiiletea bidhaa wanaidai. Nilimpa Mangi kisa hicho nikitumaini atapunguza kasi. Akasikiliza huku akimpimia mtoto mafuta ya mia tano. "Wale walikuwa wanakopa," akasema. "Mimi nakopesha."

Kisha akanunua maturubai.

Mzee wa nyumba ya kona alipofariki, turubai lilikuwa la Mangi, viti vya Mangi, sufuria za pilau za Mangi, maji ya kunywa ya Mangi, na rambirambi za walio mbali zikaelekezwa kwenye namba ya Mangi, kwa kuwa laini ya mfiwa ilikuwa imefungiwa. Kabla ya kwenda makaburini shehe akasimama na kutangaza kama ilivyo desturi: mwenye kumdai marehemu awaone wanawe. Shingo zote zikageukia upande mmoja.

Mangi akainuka na barakashia ya kuazima. Akatoa daftari kwapani, akapekua ukurasa hadi ukurasa, bila haraka. Wana wa marehemu wakaanza kutazamana.

"Mzee huyu," akasema, "hadaiwi hata kiberiti."

Turubai zima likashusha pumzi. Watu wakamsifu marehemu, wakamsifu na Mangi. Lakini Mangi hakukaa. Alilamba kidole, akafunua ukurasa uliofuata.

"Ila kwa kuwa leo mpo wote..."

Sijawahi kuona watu wakigombea kubeba jeneza namna ile.