Muulize Kaka wa Dirishani

Maelezo ya programu za ofisini kwetu yaliandikwa na watu wanaojuana, wakiwaandikia watu wanaojuana. Ukurasa wa chombo chetu cha kupekua msimbo, kile kinachokuonyesha fanksheni fulani imeandikwa wapi na nani anaiita, ulikuwa na sentensi kama "kitumie kama kawaida" na "yale mambo ya seva unayafahamu". Mwishoni kulikuwa na ushauri uliotubeba kwa miaka: "Ukikwama, muulize kaka wa dirishani." Kaka huyo alikuwa mtu kweli. Ndiye aliyekiunda chombo, alikaa karibu na dirisha, na kwa soda moja baridi angekueleza hata usichouliza. Kisha akapata kazi Arusha. Dirisha likabaki.

Baadaye tukaletewa wakala wa akili mnemba. Siyo yule wa kibandani anayetoa pesa. Huyu ni programu inayosoma msimbo, inaurekebisha na kutuma ripoti bila kwenda kunywa chai. Bosi akaagiza apewe chombo na ukurasa wake, ajitegemee. Alipokwama kwa mara ya kwanza alituma ripoti yenye adabu zote: "Nimemtafuta kaka wa dirishani katika folda zote za mradi. Sikumpata. Je, niendelee bila yeye?" Tulicheka mpaka mhasibu akaja kuuliza kama mishahara imeingia.

Kicheko kiliisha bili ilipofika. Ukurasa ulisema kwamba faharasa ya chombo inasasishwa kila siku saa mbili usiku. Kuanzia Tanga hadi Kigoma kila mtu anajua hiyo ni saa ya taarifa ya habari. Wakala akaielewa kuwa 02:00, usiku wa manane. Bosi alimpa kazi saa nne usiku, faharasa ikiwa imesasishwa saa mbili tu zilizopita, lakini kwa hesabu za wakala ilikuwa bado ya jana. Kwa kuwa ni mwaminifu kupita kiasi, akakataa kuitegemea. Akafungua faili moja baada ya jingine akasoma msimbo wote, pamoja na folda ya majaribio ya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ambayo sisi wenyewe tukipita pale tunaangalia pembeni. Wakala hulipiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno anavyosoma na kuandika, na bei iko kwa dola. Bosi aliisoma bili ile amesimama.

Kazi ya kuandika upya ukurasa nikapewa mimi, sababu ikiwa kwamba niliwahi kufaulu insha kidato cha nne.

Niligundua haraka kwamba wakala hana ujinga wowote. Shida ni kwamba amekaa kama mkwe mgeni: chumvi ikikosekana haulizi, anakula hivyo hivyo na kusifia. Usipomwambia kigezo fulani kinataka nini, anabuni, na anabuni kwa ujasiri. Chukua namba za mistari. Language Server Protocol, utaratibu ambao Microsoft waliutoa mwaka 2016 ili vihariri viweze kuzungumza na vichambuzi vya msimbo, huhesabu mistari kuanzia sifuri. Kihariri kwenye kioo huhesabu kuanzia moja. Chombo chetu kilizichukua namba za huko na kuzitoa zilivyo, na ukurasa haukusema neno. Sisi tulishazoea: ukitajiwa mstari wa 41, macho yanashuka yenyewe hadi wa 42. Wakala hana macho ya kushuka. Aliambiwa maoni yaliyopitwa na wakati yako mstari wa 41, akafuta wa 41, ambao ndio uliokuwa unaongeza VAT kwenye risiti za duka moja la vifaa vya ujenzi. Namshukuru Mungu ilikuwa mashine ya majaribio, vinginevyo ningekuwa nayaandika haya kwa ajili ya TRA.

Baya kuliko yote lilikuwa ukimya. Chombo kikikosa unachotafuta, hakisemi kitu. Tabia hii ina ukoo mrefu: grep, amri ya kutafuta maneno ya Ken Thompson wa Bell Labs iliyoingia Unix mwaka 1973, nayo ikikosa hunyamaza ikakurudishia alama tu. Binadamu akiona patupu hujikuna kichwa, akahisi labda amekosea herufi. Wakala akiona patupu anahitimisha kwamba kitu hakipo duniani, kisha anakiumba. Ndiyo maana mradi wetu ulifikia kuwa na fanksheni tatu za kukadiria shilingi, moja ikipanda, moja ikishuka, na ya tatu ikifanya mambo ambayo hadi leo hatujaafikiana ni ya nini. Sasa chombo kinasema: "Sikupata neno hilo katika folda hii. Herufi kubwa na ndogo zinatofautishwa. Jaribu folda ya juu, au tafuta sehemu tu ya jina." Ujumbe huo mmoja umefanya kazi kuliko kurasa zangu zote, na kwa kweli uliniuma kidogo.

Kuna pia yale maelezo mafupi ambayo wakala huyaona kabla ya kuchagua chombo. Katika Model Context Protocol, iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, kila chombo hujitambulisha kwa jina, maelezo na orodha ya vigezo vinavyokubalika. Pale kwenye maelezo sisi tulikuwa tumeandika: "Chombo bora, cha kisasa, chenye kasi ya ajabu." Tangazo la sabuni. Nimeandika kinafanya nini, kitumike lini, kisitumike lini, kinarudisha mistari mingapi kwa mkupuo. Saa nimeziandika kwa tarakimu, 20:00, na jina la eneo la saa pembeni.

Mwisho nikaongeza sehemu ya kasoro zinazojulikana. Wazo ni la zamani. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, ulikuwa tayari na kipengele cha BUGS ambamo wenyewe walikiri palipovuja. Yetu inataja faili ambazo chombo huzikosa, majina yenye alama ya ritifaa yanayokikoroga, na folda ile ya wanafunzi, kwamba isisomwe kabisa. Watu wa masoko wameniomba niifute, eti inatuaibisha mbele ya wateja. Ibaki. Hakuna sehemu nyingine ya ukurasa inayotuokolea dola nyingi kama hiyo, na mteja anayetaka kuaibika kwa niaba yetu nitamwonyesha bili ya zamani.