Mke Ametekwa, Mume Anapepeta Nafaka

Jamani, naomba mtu anieleze. Mwanamume katekewa mke na maadui, nje ni theluji, hajui kama mwenzake yu hai au amekufa, na kitabu chote, kurasa zaidi ya 600, bado anahangaika na chakula cha kambini. Akijitahidi sana, anakwenda mjini kununua nafaka. Nafaka yenyewe imeingia fukusi. Basi ipepetwe! Na mimi msomaji, niliyetoka kazini nimechoka, nikae hapo nitazame fukusi wakipepetwa mbali.

Kitabu hicho ni Crossroads of Twilight, juzuu ya kumi ya The Wheel of Time, hadithi ya Mmarekani Robert Jordan, na kilitoka Januari 2003. Aliyenitia kwenye balaa hili ni mpwa wangu. Alikuja na juzuu ya kwanza akaniambia, "Mjomba, hiki ukikianza hulali." Kweli sikulala. Kijana mchunga kondoo anagundua kuwa ndiye aliyetabiriwa kuiokoa dunia au kuivunjavunja, miji inaanguka, wachawi wanasalitiana, raha tupu. Juzuu ya kumi ndiyo iliyonirudishia usingizi wangu wote niliokuwa naidai ile ya kwanza.

Ubishi wote wa wasomaji unaanzia juzuu ya tisa, Winter's Heart. Mwisho wake ni moto. Rand, yule mchunga kondoo, anaisafisha nguvu ya uchawi ya wanaume iliyokuwa imetiwa uchafu kwa maelfu ya miaka, na tendo lenyewe ni kubwa hivi kwamba kila mwenye kipaji hicho, awe wapi, analihisi. Ukifunga kitabu unasema, haya, sasa dunia itageuka. Unafungua cha kumi: dunia haijageuka, maana kalenda imerudishwa nyuma. Tunapelekwa kwa Perrin, yule mwenye mke aliyetekwa, mshindo unahisiwa kwa mbali. Tunapelekwa kwa Mat, anasafiri taratibu na kikundi cha sarakasi, mshindo huo huo. Elayne anagombea kiti cha enzi akiwa na mimba ya mapacha, anaoga, na mshindo unamfikia naye. Wanashangaa wote, wanaulizana ni nini kile. Mimi nakijua ni nini! Nilikisoma! Na Rand mwenyewe, aliyefanya kazi yote, tunamwona kwa kuchungulia tu.

Mpwa wangu hataki kusikia. "Mjomba, hujamwelewa mwandishi. Pale anajenga."

"Anajenga nini?"

"Msingi."

Nikamuuliza ni fundi gani huyo anayechimba msingi akiwa ghorofa ya kumi. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mzee.

Sinung'uniki peke yangu, msinione mkorofi. Kitabu hiki ndicho kinachosutwa kuliko vyote kumi na vinne, na waliokisuta zaidi ni wale waliokipokea kikiwa kipya. Waelewe. Walikuwa wamesubiri tangu Novemba 2000, juzuu ya tisa ilipotoka. Dibaji peke yake, jamani, dibaji, ilitangulia kuuzwa kwa njia ya kielektroniki, na watu wakainunua! Kitabu kilipotoka kikapanda mpaka kileleni mwa orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana. Kwa hiyo waliokuwa wanalia walikuwa wanalia wakiwa wameshalipa. Katika kurasa za mwisho kabisa Egwene, mmoja wa wahusika wakuu, anakamatwa, moyo unaruka, na kitabu kinakwisha. Wakakaa tena kungoja. Mwaka 2004 Jordan akatoa kitabu, wakakimbilia madukani: New Spring, kinachosimulia mambo ya miaka ishirini kabla ya juzuu ya kwanza. Mbele hatuendi, basi turudi nyuma.

Wanaonikera hasa ni wasomaji wa siku hizi. Wamekuta vyote vimeshatoka, wanamaliza cha kumi Ijumaa, Jumamosi wako cha kumi na moja, halafu wanakuja na maneno yao laini: mbona si kibaya hivyo? Eti kina utulivu. Utulivu! Hata maji ya kisima yana utulivu mpaka uwe na kiu na kamba imekatika. Wapo pia wanaoshauri usome muhtasari wa ukurasa mmoja kisha uruke. Mpwa wangu anasema hao ni waoga. Mimi nasema wana kazi za kufanya.

Watu wetu wa pwani walijua kusimulia vita. Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani, wa mwaka 1728, unampambanisha Mtume na majeshi ya Herekali mfalme wa Rumi, na vita vinaanza na kwisha kwa beti elfu moja na ushee. Simkumbuki mtu yeyote humo akioga sura nzima.

Lakini haki ya mtu nayo isemwe. Knife of Dreams, juzuu ya kumi na moja ya Oktoba 2005, ni moto kama zile za mwanzo: Mat anaoa, Egwene anawatikisa maadui zake akiwa mfungwa wao. Jordan aliahidi cha kumi na mbili kingekuwa cha mwisho, hata kiwe kinene namna gani. Hakukifikia. Alifariki Septemba 2007 kwa ugonjwa wa moyo, ameacha maelezo mengi ya namna ya kumaliza. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamkabidhi kazi Brandon Sanderson, na kile kitabu kimoja kikazaa vitatu, cha mwisho kikatoka Januari 2013. Wale wale waliokitukana cha kumi ndio waliopanga foleni. Sasa hapo utamwita nani mpumbavu, na mimi ninavyo vyote kumi na vinne kando ya kitanda?

Ila fukusi sijawasamehe. Mke wa Perrin alitekwa mwaka 2000 na akaokolewa 2005. Mtoto aliyezaliwa siku ya kutekwa alikuwa anakwenda chekechea siku ya kuokolewa. Nawaomba waandishi wote wa hadithi ndefu, wa huko na wa kwetu: mke wa mtu akitekwa juzuu ya tisa, aokolewe juzuu hiyo hiyo. Nafaka tutapepeta wenyewe.